Maisha ya Mfalme Herode, Aliyelijenga Upya Hekalu la Baitul Mukaddas

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na aali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya: hii ni khabari ya mfalme aliyeijenga nyumba ya ibada iliyokuwa katika majengo makubwa kabisa ya zama zake, na akaibomoa nyumba yake mwenyewe kwa mkono wake. Jina lake ni Herode, na Waarabu humwita Hirudus. Khabari zake nyingi zimeandikwa na Josephus, mwandishi wa tarikh wa Kiyahudi aliyezaliwa mwaka 37 Miladi, naye alichukua mengi katika maandiko ya Nicolaus wa Dameshki, aliyekuwa mwanachuoni na rafiki wa mfalme huyo. Na tangu zaidi ya miaka 150 iliyopita ardhi nayo imetoa ushahidi wake, kwani wachimbuzi wamefukua mawe, sarafu na maandishi ya zama hizo. Basi yanayoelezwa na vitabu na yanayoelezwa na mawe yamekusanywa hapa, ili mwenye akili apate mazingatio.

HEKALU KABLA YAKE

Baitul Mukaddas ni mji wa Manabii. Hapo Nabii Sulaiman, mwana wa Nabii Daud, amani iwafikie wote wawili, aliijenga nyumba ya kumuabudu Mwenyezi Mungu, yapata miaka 950 kabla ya Miladi. Nyumba hiyo ilisimama muda mrefu, hata Bani Israil walipoasi, akaja Bukht Nassar, mfalme wa Babeli, akauteka mji mwaka 586 kabla ya Miladi, akaichoma nyumba na akawachukua watu mateka. Kisha Kurush, mfalme wa Uajemi, alipoishinda Babeli akawapa rukhsa ya kurejea kwao. Wakalijenga hekalu la pili, likatimia mwaka 515 kabla ya Miladi. Lakini watu wale walikuwa wachache na mali yao ilikuwa kidogo, kwa hivyo hekalu lao halikuwa na fahari ya lile la kwanza.

Mwaka 63 kabla ya Miladi akaja Pompey, jemadari wa Warumi, akauteka mji na akaingia hekaluni mpaka mahala patakatifu, ambapo hakuwa akiingia mtu illa kuhani mkuu, naye ni kwa siku moja tu ya mwaka. Khazina hakuigusa, lakini heshima ya Bani Israil aliivunja, na tangu siku hiyo mkono wa Rumi haukuondoka juu yao. Herode wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 10 hivi.

NASABA YAKE

Alizaliwa yapata mwaka 73 kabla ya Miladi. Baba yake, Antipater, alikuwa mtu wa Edomu, nchi iliyo kusini mwa Baitul Mukaddas, na watu wa nchi hiyo walikuwa wametiwa katika dini ya Kiyahudi kwa nguvu, katika zama za babu zao. Mama yake, jina lake Cypros, alikuwa Mwarabu wa Anbati, nao ndio wenye mji wa Petra uliochongwa katika majabali. Basi kwa baba yake alikuwa mgeni katika dini, na kwa mama yake alikuwa Mwarabu. Wenye nasaba katika Mayahudi walimdharau kwa hayo, wakimhesabu kuwa ni nusu ya Myahudi. Dharau hiyo ilimkaa moyoni kama mwiba, na kila aliyekuwa na nasaba bora kuliko yake alimwona kuwa ni adui, hata akiwa ni mtu wa nyumbani mwake.

KUPATA KWAKE UFALME

Mwaka 47 kabla ya Miladi Julius Caesar, mkubwa wa Warumi, alimpa Antipater usimamizi wa nchi, naye akamweka mwanawe Herode kuwa liwali wa Galilaya, akiwa kijana wa miaka 25 hivi. Mara tu alipofika aliwashika wanyang'anyi waliokuwa wakiudhi watu mipakani mwa Sham, akawaua bila ya kuwapeleka mbele ya sharia. Watu wa Sham walifurahi, lakini baraza la makadhi wa Kiyahudi likamwita ajibu kwa damu aliyoimwaga. Imepokewa kuwa hakuja kama ajavyo mshitakiwa, kwa unyonge na nguo nyeusi. Alikuja amevaa zambarau, nywele zake zimetengenezwa, na nyuma yake askari wenye silaha. Wazee wote wakanyamaza. Mmoja tu alisimama, mwanachuoni aitwaye Samaias, akawaambia wenziwe kuwa huyu wanayemwogopa leo na kumwacha, ndiye atakayewaadhibu kesho. Hawakumsikiliza. Na Herode alipokuwa mfalme aliwaua makadhi wale, akamwacha Samaias peke yake, kwani alijua kuwa ndiye mtu aliyesema kweli.

Baba yake alikufa kwa sumu mwaka 43 kabla ya Miladi. Miaka 3 baadaye Waparthia, watawala wa Uajemi, waliingia Baitul Mukaddas wakamtawaza Antigonus, mtu wa nasaba ya Wahasmonai, nao ndio waliokuwa wafalme na makuhani wakuu wa Mayahudi. Phasael, ndugu wa Herode, alifia katika mikono yao. Herode akatoroka usiku pamoja na mama yake na wanawake wa nyumba yake, akawaacha katika ngome ya Masada, iliyo juu ya jabali karibu na bahari ya chumvi. Akaenda Petra kwa watu wa mama yake kuomba msaada, na mfalme wao akamkataa. Akaenda Misri, na kutoka huko akapanda chombo katika siku za dhoruba, hata akafika Rumi. Huko wakubwa wa Warumi wakampa jina la mfalme wa Mayahudi, mwaka 40 kabla ya Miladi, akawa mfalme asiye na nchi.

Alirejea akapigana miaka 3, na mwaka 37 kabla ya Miladi akauteka Baitul Mukaddas pamoja na jeshi la Rumi. Askari wa Kirumi walipoanza kuua na kupora, Herode aliwazuia wasiliguse hekalu, na akawalipa kutoka katika mali yake mwenyewe ili watoke. Hilo ni jema lake, na haki ni kutajwa. Lakini wakuu 45 waliokuwa upande wa Antigonus aliwaua na mali zao akazitwaa, na Antigonus mwenyewe akakatwa kichwa na Warumi.

YALIYOKUWA NYUMBANI MWAKE

Herode alimwoa Mariamne, binti wa nasaba ya Wahasmonai, mwanamke aliyesifiwa kwa uzuri na kwa utukufu wa nafsi. Alimpenda mapenzi yaliyopita kiasi. Lakini kila alipomtazama aliiona ile nasaba asiyokuwa nayo yeye, na mapenzi yake yakachanganyika na khofu.

Mariamne alikuwa na ndugu mwanamume, Aristobulus, kijana wa miaka 17. Herode alimfanya kuhani mkuu, kwani wakwe zake walimshikilia. Siku ya sikukuu kijana alipotoka mbele ya watu katika mavazi ya ukuhani, watu walilia kwa furaha na kumwombea dua. Herode aliyaona hayo akanyamaza. Haikupita muda, mwaka 35 kabla ya Miladi, kijana alialikwa Yeriko, akaogeshwa katika birika pamoja na watumishi wa mfalme, wakawa wakimzamisha kwa mfano wa mchezo, hata akafa. Herode akamfanyia maziko ya fahari na akalia mbele ya watu. Wakwe zake hawakuyaamini machozi yale.

Kisha Rumi ilipigana yenyewe kwa yenyewe, na rafiki wa Herode, Marcus Antonius, akashindwa na Octavian, ambaye baadaye aliitwa Augustus. Herode alikwenda kwa mshindi katika kisiwa cha Rhodes, akavua taji lake, na hakukana urafiki wake na aliyeshindwa. Alimwomba Octavian atazame namna alivyokuwa mwaminifu kwa rafiki yake, asitazame rafiki huyo alikuwa nani. Octavian akamrudishia taji. Lakini kabla ya kusafiri Herode alikuwa amekwisha kumuua Hyrcanus, babu wa Mariamne, mzee mkongwe asiyekuwa na nguvu ya kudhuru. Tena aliacha amri ya siri kuwa, ikiwa yeye hakurejea, Mariamne auawe asije akaolewa na mwengine. Mariamne aliipata siri hiyo. Tangu hapo hakumwonyesha mumewe uso wa mapenzi, na wala hakumficha sababu.

Hapo fitina ikapata mlango. Salome, dada wa Herode, alikuwa akimchukia wifi yake kwa muda mrefu, akamtia ndugu yake maneno kuwa mkewe anataka kumlisha sumu. Herode hakufanya uchunguzi wa mtu mwenye insafu. Mwaka 29 kabla ya Miladi Mariamne alihukumiwa, akaenda kwenye kifo chake kimya bila ya kubadilika rangi. Alipokwisha kufa, Herode alishikwa na majuto yaliyomtia maradhini. Alikuwa akiita jina lake, na akiwaamrisha watumishi wamwendee Mariamne wamwambie kuwa mfalme anamwita. Majuto ya namna hii hayamfai mtu kitu, kwani hayakumzuia kuyarudia yale yale.

MEMA YAKE NA MAJENGO YAKE

Si haki kumsifu mtu kwa mabaya yake tu. Ilipoingia njaa kubwa yapata mwaka 25 kabla ya Miladi, na khazina ikawa tupu, Herode aliyatoa mapambo ya dhahabu na fedha ya majumba yake, akayayeyusha, akanunua nafaka Misri. Akawagawia watu, na waliokuwa wazee na wagonjwa wasioweza kujipikia akawawekea waokaji wa mikate. Baadaye aliwapunguzia watu thuluthi ya kodi.

Naye alikuwa mjenzi asiyechoka. Alijenga mji wa Kaisaria na bandari yake pwani isiyokuwa na ghuba, akatumia majivu ya volkano kutoka Italia, yakichanganywa na chokaa yakawa magumu ndani ya maji, na mabaki ya kuta hizo yangali chini ya bahari. Aliijenga Masada ikawa na majumba ya kifalme na mabirika ya maji juu ya jabali. Aliujenga mji wa Sebaste, na ngome ya Herodium iliyopewa jina lake, iliyo kusini mwa Baitul Mukaddas. Lakini katika Kaisaria na Sebaste alijenga mahekalu ya kumtukuza Augustus kama miungu inavyotukuzwa. Mkono uliojenga nyumba ya Mungu Mmoja ndio uliojenga nyumba za masanamu, kwani alilolitafuta katika zote mbili ni kuthibitika kwa ufalme wake.

KULIJENGA HEKALU

Katika mwaka wa 18 wa ufalme wake, nao ni yapata mwaka 20 kabla ya Miladi, aliwakusanya watu akawatangazia kuwa ataka kulijenga hekalu upya, liwe kubwa na zuri kuliko lilivyokuwa. Watu hawakufurahi, waliogopa asije akalibomoa la zamani kisha akashindwa kulijenga jipya. Akawaahidi kuwa hatagusa jiwe mpaka vitu vyote vya kujengea viwe tayari. Akatengeneza magari 1000 ya kuchukulia mawe, akachagua mafundi 10,000, na kwa kuwa si halali kwao kuingia mahala patakatifu illa makuhani wa kizazi cha Nabii Harun, makuhani 1000 wakafundishwa uashi na useremala. Nyumba yenyewe ya ndani ilimalizika kwa mwaka mmoja na miezi 6, na kumbi zilizoizunguka kwa miaka 8. Ibada na kuchinja dhabihu havikukatika muda wote huo.

Kilima hakikutosha kwa jengo alilolikusudia, kwa hivyo alikizungushia kuta 4 kubwa za kuzuia udongo, akapajaza ndani hata pakawa uwanja ulio sawa. Ukuta wa magharibi una urefu wa mita 488, wa mashariki 470, wa kaskazini 315 na wa kusini 280. Mawe yake yalichongwa kwa ustadi, kila jiwe na pambizo lake, yakapangwa bila ya chokaa baina yake. Katika ukuta wa magharibi liko jiwe moja lenye urefu wa zaidi ya mita 13, na uzito wake hukisiwa kwa mamia ya tani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe meupe yenye mabamba ya dhahabu, jua likichomoza watu hugeuza nyuso zao kwa mng'aro wake. Wanavyuoni wa Kiyahudi wa baadaye, na wengi wao hawakumpenda Herode, walikiri kuwa asiyeliona jengo lake hajaona jengo zuri.

Katika kitabu chao cha Talmudi imo hikaya kuwa Herode aliwaua wanavyuoni, akambakisha mmoja baada ya kumpofua macho. Kisha akamwendea kwa siri, akamjaribu ili amlaani mfalme, na yule mzee akakataa. Herode alipojijulisha na kuuliza namna ya kujitengenezea baada ya damu aliyoimwaga, mzee akamshauri alijenge hekalu, kwani aliyeizima nuru ya ulimwengu na aishughulikie nuru nyingine ya ulimwengu. Ikiwa hikaya hii ni kweli au ni mfano, swali lililomo ndani yake ni kubwa: je, jengo hulipa damu?

MWISHO WAKE

Jawabu imo katika maisha yake yaliyobakia. Wana wawili wa Mariamne, Alexander na Aristobulus, walikulia Rumi, wakarejea vijana wenye haiba, na watu wakawapenda kwa ajili ya mama yao. Fitina ikarejea nyumbani kwa mlango ule ule. Salome akasema, na Antipater, mwana wa Herode kwa mke mwengine, akachochea ili ufalme uwe wake. Baba akawashitaki wanawe mbele ya baraza katika mji wa Beirut, na yapata mwaka 7 kabla ya Miladi wakanyongwa Sebaste, mji ule ule alioolewa mama yao.

Herode alikuwa amesimamisha tai mkubwa wa dhahabu juu ya lango la hekalu, na sanamu ya kiumbe katika nyumba hiyo ni haramu kwa sharia ya Mayahudi. Mwaka 4 kabla ya Miladi, ilipoenea khabari kuwa mfalme yu mgonjwa wa kufa, walimu wawili, Judas na Matthias, wakawafundisha vijana kuwa kuuondoa uchafu huo ni wajibu ijapokuwa kwa roho zao. Vijana wakapanda mchana, wakamkata tai kwa mashoka. Herode akachukuliwa juu ya kitanda akawahukumu, na walimu wale pamoja na waliomkata tai wakachomwa moto wangali hai. Mfalme aliyelijenga hekalu aliwachoma walioilinda hishima ya hekalu.

Maradhi yake yakazidi: mwili wake ulioza naye yu hai, na pumzi ikawa shida. Imepokewa kuwa alijua ya kwamba watu watafurahi kwa kufa kwake, akaamrisha wakuu wa nchi wafungiwe katika uwanja wa mbio za farasi huko Yeriko, na roho yake ikitoka wauawe wote, ili pawe na kilio nchini. Amri hiyo haikutimizwa, Salome aliwafungulia. Siku 5 kabla ya kufa kwake alimuua mwanawe Antipater. Kisha akafa, na umri wake ni yapata miaka 70. Alichukuliwa juu ya jeneza la dhahabu, jeshi likimtangulia, akazikwa Herodium.

Injili ya Mathayo, iliyo mikononi mwa Wakristo, inaeleza kuwa Herode aliua watoto wa Bethlehemu katika kumtafuta Nabii Isa; Josephus hakulitaja jambo hilo. Na yule aliyemuua Nabii Yahya, amani imfikie, ni Herode mwengine, Antipas, mwana wa huyu. Majina yasichanganywe.

YALIYOBAKIA

Kazi ya hekalu haikumalizika katika umri wa Herode. Mwaka 2011 wachimbuzi walitangaza kuwa chini ya mawe ya ukuta wa magharibi, katika birika la kujitoharishia lililofukiwa ili ukuta upite juu yake, walipata sarafu zilizopigwa na liwali wa Kirumi Valerius Gratus yapata mwaka 17 Miladi. Basi sehemu ile ya ukuta ilijengwa miaka 20 na zaidi baada ya mfalme kufa. Josephus naye ameandika kuwa kazi ilikwisha katika zama za liwali Albinus, kati ya mwaka 62 na 64, na mafundi 18,000 wakabaki bila ya kazi. Mwaka 66 Mayahudi wakaipiga vita Rumi, na mwaka 70 Titus, mwana wa mfalme wa Rumi, akauteka mji, hekalu likachomwa na mawe yake yakaporomoshwa. Kazi ya miaka 80 na zaidi ilisimama timamu kwa miaka isiyozidi 8.

Mwaka 1838 mwanachuoni wa Kimarekani, Edward Robinson, alitambua mabaki ya upinde uliotokeza katika ukuta wa magharibi. Baina ya mwaka 1867 na 1870 Charles Warren, askari wa Kiingereza, alichimba visima virefu kando ya kuta hizo mpaka chini, akayaona mawe ya Herode yakishuka hata kwenye jabali. Mwaka 1871 Clermont-Ganneau, Mfaransa, alipata jiwe lenye maandishi ya Kiyunani yanayowakataza wageni wasivuke uzio wa hekalu, na kwamba atakayeshikwa damu yake ni juu yake mwenyewe. Jiwe hilo limewekwa Istanbul, na kipande cha jiwe jingine mfano wake kilipatikana mwaka 1935. Baada ya mwaka 1968 Benjamin Mazar alifukua njia ya mawe iliyokuwa chini ya ukuta, na juu yake yakaonekana magofu yaliyoporomoshwa na askari wa Titus, yamelala pale pale yalipoanguka, na sakafu imebonyea kwa uzito wake.

Na mwaka 2007 Ehud Netzer alitangaza kuwa amelipata kaburi la Herode katika mteremko wa Herodium. Wengi wameikubali rai yake, na wako walioipinga. Lililopatikana ni sanduku la maziko la jiwe jekundu, zuri la kuchongwa, limevunjwa vipande vipande. Mvunjo wake si wa kuanguka. Ni wa watu waliokusudia. Mifupa ya mfalme haikuonekana.

Kiwanja alichokitandaza Herode hakikupotea. Warumi walipokwisha kulibomoa hekalu, mahala pale pakakaa magofu, na katika zama za Warumi wa Kikristo pakawa jaa. Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipoingia Baitul Mukaddas kwa amani yapata mwaka 638, imepokewa kuwa aliuliza mahala hapo, akazoa takataka kwa nguo yake mwenyewe, na Waislamu wakamfuata. Msikiti wa kwanza uliojengwa hapo ulikuwa wa mbao. Kisha Abdulmalik bin Marwan akajenga Kubba ya Mwamba mwaka 72 Hijria, na Masjidul Aksa ukajengwa kwa mawe baada yake. Waislamu wanaoswali katika Haram hiyo wanasujudu juu ya uwanja uliozuiwa na kuta za Herode.

MAZINGATIO

Na azingatie mwenye kuzingatia. Kwa hesabu ya miaka, hekalu alilolihudumia Nabii Zakaria na mihrabu aliyokaa Bibi Maryam ni za zama hizi hizi. Mafundi wakichonga mawe nje, ndani palikuwa na binti yatima, hana mali wala jeshi, aliyewekwa nadhiri na mama yake kwa ajili ya Mola wake. Mfalme mwenye mafundi 10,000 hakutajwa jina katika Kurani hata mara moja. Binti yule ametajwa mara nyingi, na sura nzima imeitwa kwa jina lake.

Ama swali la yule mzee kipofu, sharia imelijibu. Wanavyuoni, na katika wao ni Imam Nawawi wa madhehebu ya Shafii, wamebainisha kuwa toba ina masharti 3: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Na ikiwa dhambi inahusu haki ya mja, lipo sharti la 4, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake au kumtaka radhi. Kujenga msikiti si sharti la 5, wala hakusimami mahala pa hilo la 4. Aliyekula mali ya yatima, au akamdhulumu dada yake katika urithi, au akamwacha mkewe kwa maneno ya fitina asiyoyachungua, hata akijenga mnara ukafika mawinguni, na aliyemdhulumu yuko mlangoni analia, basi deni lake liko pale pale. Na aanze kwa mwenye haki, kisha ndipo aende kwa mwashi.

Kujenga misikiti ni ibada kubwa kwa mwenye kutakasa mali yake na nia yake, na mtu asitafute udhuru wa ubakhili katika khabari hii. Lakini Herode alitengeneza kila jiwe la hekalu likakaa sawa na jenzake, na nyumbani mwake hakukiacha kitu mahala pake. Mawe yake yangaliko, kila apitaye huyaona. Wale aliowaua na yeye mwenyewe wamekwisha kutangulia mbele ya Hakimu asiyepewa rushwa ya majengo.

Mwenyezi Mungu awaongoze Waislamu katika haki za waja wake, azikubali kazi zao, na azifanye nyumba zao kuwa nyumba za insafu kabla ya kuwafanya kuwa wajenzi wa nyumba zake. Amin. Wallahu aalam.